Kuisingizia mvua machozi

Ukisahihisha insha za sekondari miaka michache, unaanza kuijua habari mbaya kabla hujafika aya ya pili. Mawingu mazito yametanda. Upepo unavuma kwa kilio. Basi, mtu kafa, au karo haijalipwa. Siku ya furaha nayo haina siri: miale ya jua inapenya dirishani, ndege wanaimba nyimbo za kumsifu Muumba, na jina la mwanafunzi limo kwenye orodha ya waliofaulu. Hakuna mwalimu aliyewaambia watoto hawa kwamba mbingu hufuata matokeo ya mtihani. Wameyaokota vitabuni, na vitabu navyo viliyaokota kwenye vitabu vingine.

Mbinu yenyewe ni hii: mwandishi anayafanya maumbile, yaani mvua, dhoruba, baridi, bahari, yabebe hisia za mhusika. Aliyeipa jina ni John Ruskin, mhakiki Mwingereza, mwaka 1856, na jina alilolichagua lilikuwa la lawama. Aliiita "pathetic fallacy", yaani kosa linalotokana na hisia kali. Kwa Kiswahili cha kawaida ningesema ni kuisingizia mvua machozi yetu. Mfano aliouchagua ni beti za mshairi wa zama zake, ambamo msichana aliyekufa maji anarudishwa pwani juu ya povu "katili" linalotambaa. Ruskin akajibu kwa ukavu kwamba povu si katili, wala halitambai. Mwenye kusema hivyo akili yake imetikiswa na msiba. Hakuikataza mbinu, ila aliwapanga washairi kwa madaraja, na yule anayehisi sana kisha akaendelea kuona sawasawa alimweka juu ya yule ambaye hisia zimemfunika macho.

Siku hizi jina limebaki na lawama imesahaulika. Darasani tunaifundisha kama mbinu nyingine yoyote, na wengi huitia ndani ya tashihisi, yaani kukipa kitu kisicho mtu tabia za mtu. Zinakaribiana lakini hazilingani. Ukiandika "jua lilitabasamu", hiyo ni tashihisi hata kama wahusika wote wamelala. Jua likitabasamu kwa sababu Asha kaposwa leo, hapo ndipo tulipo sisi. Tena mbinu hii haihitaji tashihisi hata kidogo. Mvua inaweza kunyesha makaburini bila kulia, bila kuomboleza, ikinyesha tu kama mvua, na msomaji akaelewa kwamba imetumwa.

Swali langu kwa dhoruba yoyote ya kitabuni ni moja: imetumwa na nani? Mwandishi anataka tuamini kwamba mbingu zinamjua mtu huyu, au mhusika ndiye anayeamini hivyo? Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha dhoruba ya Shakespeare na ile ya insha.

Tuchukue tamthilia ambayo Mswahili anaweza kuisoma kwa lugha yake. Mwalimu Nyerere aliitafsiri mwaka 1963, kisha akaipitia upya na kuitoa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Usiku wa kuamkia siku Kaizari atakapouawa, Roma inapigwa na radi. Casca anakimbia barabarani na upanga mkononi. Kaona moto ukidondoka kutoka mbinguni, kakutana na simba karibu na jengo la Capitol, na anaamini miungu imekasirika. Cicero anamsikiliza kwa utulivu, kisha anamwambia kwamba watu hufasiri mambo watakavyo wenyewe, mbali kabisa na maana ya mambo hayo. Anakwenda zake nyumbani. Mara anatokea Cassius, ambaye kafungua kifua chake mbele ya radi kwa makusudi, na yeye anasema dhoruba hii ni onyo, na inafanana na mtu fulani ambaye ukubwa wake umezidi. Dhoruba ni moja. Mmoja kaona ghadhabu ya miungu, wa pili hakuona kitu, wa tatu kaona kisingizio cha kumvuta mwenzake kwenye njama. Mtahini atauliza, "Je, dhoruba hii ni kiangaza mbele, yaani dokezo la yatakayotokea?" Ndiyo, kesho damu itamwagika. Lakini jibu likiishia hapo Cicero amepotea, na Cicero ndiye mhakiki pekee usiku ule.

King Lear, tamthilia nyingine ya Shakespeare, inakwenda mbali zaidi. Mfalme mzee kagawa ufalme wake kwa binti wawili, nao wamemfungia mlango, na yuko nyikani kwenye mvua kubwa. Kila kitu kimeandaliwa kwa lile kosa alilolitaja Ruskin: ngurumo nje, ngurumo moyoni. Halafu Lear mwenyewe analikataa. Anaziambia mvua, upepo na radi kwamba hazilaumu kwa ukatili, kwa sababu hakuzipa ufalme wala hakuziita wanawe. Hazina deni kwake. Na baada ya kulowa hadi mifupani ndipo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya enzi, anawafikiria wasio na paa, na kukiri kwamba hakuwajali vya kutosha. Ile mvua inamlowesha tu, na kulowa huko ndiko kunakombadilisha. (Radi ya jukwaani enzi hizo, kwa wanaopenda kujua, ilipatikana kwa kuviringisha tufe la mzinga juu ya mbao na kupiga ngoma. Dhoruba ya Lear ni mtu aliyejificha nyuma ya pazia na kipande cha chuma.)

Sasa tatizo letu. Maumbile yanayobeba hisia hayabebi zile zile kila mahali. Shakespeare ana shairi maarufu linalomlinganisha mpenzi na siku ya majira ya joto, na kwa mtu wa Uingereza, ambako jua ni mgeni, hiyo ni sifa kubwa. Mfasiri akikimbilia neno la kamusi anapata "kiangazi", na mpenzi ameshatukanwa. Kiangazi ni vumbi, kisima kilichokauka, mbuzi waliokonda. Mshairi wa pwani akitaka kusifu uso anakwenda kwenye mwezi wa kumi na nne, usiku, penye ubaridi.

Vivyo hivyo mvua. Riwaya za Kiingereza zimetufundisha kwamba mvua ni huzuni, ilhali mgeni akifika kwetu na mvua tunasema kaja na baraka, na arusi ikinyeshewa watu hawalii. Ndiyo maana yale mawingu ya kwenye insha huwa yananikera kidogo: mtoto wa Dodoma, ambako mvua husubiriwa kwa miezi, anaitumia kama alama ya msiba kwa sababu kaisoma hivyo. Jua kali lingemfaa zaidi. Lingekuwa lake.

Washairi wa zamani wa pwani hawakuwa na shida hiyo, walikuwa na bahari yao. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na India, kusi ikayarudisha, kwa hiyo upepo ulikuwa kalenda ya kuonana na kuachana kabla haujawa jazanda ya chochote. Katika utenzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate anauambia moyo wake kwamba ulimwengu ni bahari tesi, iliyochafuka, yenye matumbawe, na anayeipanda ataishia hasarani. Tazama kwamba bahari hii haimlilii mtu. Mshairi ndiye anayelia, juu ya mji wake uliobomoka. Bahari inafanya kazi ya bahari, na tumbawe ni tumbawe lile lile ambalo nahodha wa Pate aliliogopa maji yakipwa. Ruskin asingepata la kusema.

Kuna na dhoruba za kweli zilizogeuka kitabu. Mwaka 1609 meli ya Waingereza, Sea Venture, ilipigwa na tufani ikakwama Bermuda, watu wakapona, na habari zao zilipofika London zikamsaidia Shakespeare kuandika tamthilia ambayo S. S. Mushi aliitafsiri mwaka 1969 kwa jina la Tufani. Katika onyesho la kwanza, waheshimiwa wanapanda sitahani kumsumbua serahangi, msimamizi wa mabaharia, naye anawauliza mawimbi yanajali nini jina la mfalme. Baadaye tunaambiwa tufani ile ilizushwa na mchawi mwenye kisasi chake, kwa hiyo mara hii bahari kweli imetumwa, na jina la aliyeituma linajulikana. Vilevile mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka Aprili 1815, vumbi lake likaharibu majira ya joto ya Ulaya mwaka uliofuata, na Mary Shelley wa miaka 18, aliyefungiwa ndani na mvua karibu na Geneva, akaanza riwaya ya Frankenstein.

Na theluji? Msomaji wetu aliyeiona kwa karibu ni yule aliyekwea Kibo au aliyehamia ughaibuni, kwa hiyo baridi ya vitabuni huwa tunaichukua kama ishara tu: upweke, kifo, uzee. Dawa ya mazoea hayo ni hadithi fupi ya Jack London ya mwaka 1908, kuhusu mtu anayejaribu kuwasha moto huko Yukon, kaskazini mwa Kanada. Baridi ni kama nyuzi 59 za Selsiasi chini ya sifuri. Mtu anatema mate, nayo yanapasuka kwa mlio hewani kabla hayajagusa theluji. Anafanikiwa kuwasha moto, lakini kauwasha chini ya mti, na kila akichomoa kijiti anautikisa kidogo. Tawi la juu linamwaga theluji yake juu ya tawi la chini, hilo juu ya jingine, mpaka mzigo wote unaangukia moto na kuuzima. Mti haukumchukia. Vidole vyake vimekufa ganzi, hawezi hata kushika kiberiti.

Hadithi nzima London anajizuia. Hakuna upepo unaolia, hakuna mbingu inayohuzunika, kuna kipimajoto na mbwa. Mtu anaganda, anakaa, anasinzia. Mbwa anamsogelea, ananusa harufu ya kifo, anarudi nyuma na kukawia kidogo akilia kwa sauti ndefu kabla ya kushika njia ya kambini kwenye chakula na moto. Na hapo, katika mistari ya mwisho kabisa, juu ya maiti, mwandishi aliyejibana kurasa zote zile anaziachia nyota zirukeruke na kucheza.