Ndoto Binafsi na Mradi wa Vitabu vya Jamii: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Wengi wanaoanzisha miradi ya kukusanya vitabu na kuvigawa kwa jamii huwa tayari wana shughuli nyingine nzito: mmoja anasomea shahada, mwingine anajenga biashara, mwingine anaandika riwaya yake usiku watu wakiwa wamelala. Mimi niliratibu mradi wa aina hiyo huku nikijiandaa kwa mitihani ya taaluma, na nimefikia kuamini kwamba mratibu huchoshwa zaidi na mambo aliyoaminishwa kuhusu kazi hiyo kuliko anavyochoshwa na kazi yenyewe.

Dhana iliyoniumiza kuliko zote ni kwamba kila kitabu kinachotolewa ni baraka, na kwamba kukikataa ni utovu wa shukrani. Ukweli ni kwamba kila kitabu kinachoingia mlangoni hudai muda wa mtu. Ukitumia dakika 2 tu kukikagua, kukiandika kwenye orodha na kukiweka kwenye rafu yake, vitabu 300 vitakumalizia saa 10, na saa hizo hutoka palepale ulipopanga kusoma au kufanya kazi yako. Wala si vyote vinavyostahili muda huo. Atlasi isiyoonyesha Sudan Kusini ilichapishwa kabla ya nchi hiyo kupata uhuru mwaka 2011, na kitabu cha sayansi kinachohesabu sayari tisa kimepitwa na uamuzi wa wanaastronomia wa mwaka 2006 uliomwondoa Pluto katika orodha hiyo. Kumpa mwanafunzi kitabu cha namna hiyo akisomee mtihani ni kumpotosha. Wakati fulani nilipokea katoni moja kwa sababu tu ya kumwonea haya aliyeileta, nikaisukuma mvunguni mwa kitanda, kando ya madaftari yangu. Nilipoifungua wiki kadhaa baadaye, harufu ya ukungu ilinipiga usoni, kurasa zilikuwa zimegandamana, na madoa ya kijivu yalikuwa yameshaingia kwenye jalada la daftari langu la juu. Kwa hiyo usione vibaya kuwa na masharti ya mapokezi yaliyoandikwa. Shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, lilitoa mwongozo kuhusu vitabu vya kupewa mwaka 2008, nao unazihimiza maktaba ziwe na sera iliyoandikwa. Ikiwa maktaba zenye wafanyakazi wa kulipwa zinahitaji kinga hiyo, mtu mmoja mwenye jioni mbili kwa wiki anaihitaji zaidi.

Dhana nyingine husema kwamba mwenye moyo wa kweli huacha yote. Watu hupenda kumtaja John Wood, aliyeacha kazi Microsoft na kushiriki kuanzisha Room to Read, shirika la kuwapatia watoto vitabu na elimu, mwaka 2000. Habari hiyo ni ya kweli na inastahili heshima, lakini si njia pekee. Luis Soriano, mwalimu wa shule ya msingi nchini Kolombia, alianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kupeleka vitabu vijijini kwa punda wawili, Alfa na Beto, akianza na vitabu vyake mwenyewe vipatavyo 70. Safari hizo alizifanya mwishoni mwa wiki huku akiendelea kufundisha. Ninapomfikiria Soriano, huona mtu aliyeupimia mradi wake siku zake, akauacha uwe na ukubwa ambao siku hizo zingeweza kuubeba.

Wapo pia wanaodhani kwamba kazi ya kujitolea haina gharama. Kitabu cha kurasa 300 cha ukubwa wa A5, kwenye karatasi ya kawaida, hukaribia gramu 400, kwa hiyo katoni ya vitabu 40 ina uzito wa kilo 16 hivi. Huo ni mzigo wa kulipiwa usafiri, na nauli hiyo isipoombwa kwa wafadhili mapema hutoka kimyakimya kwenye karo ya mratibu. Hesabu za mradi ziwe na daftari lake na mfuko wake tangu siku ya kwanza.

Hofu ya mwisho ni ile inayomfanya mratibu asipumzike: «Nikiondoka, mradi utakufa.» Kwa kweli utakufa iwapo orodha ya vitabu, namba za simu za watoaji na ufunguo wa stoo viko kwa mtu mmoja. Mimi nilihitaji jioni tatu tu kuandika utaratibu wote kwenye daftari, kisha nikatengeneza funguo mbili za ziada na kuwakabidhi wenzangu wawili niliokuwa nikichambua nao vitabu. Wiki nane kabla ya mitihani tulibandika tangazo mlangoni kwamba mapokezi yamefungwa hadi tarehe fulani, lakini ugawaji unaendelea kila Jumamosi kama kawaida. Wawili wale waligawa vitabu Jumamosi zote nane. Mara moja tu walinipigia simu, kuuliza mkasi ulikowekwa.