Kimya cha Mafundi Si Utulivu

Katika timu nyingi za kompyuta hapa Kampala husemwa kwamba fundi akiijua kazi yake imetosha, mambo ya maneno na hisia tuwaachie watu wa mauzo. Ukweli ni mwingine. Tarehe 23 Septemba 1999 chombo cha anga cha NASA, shirika la anga la Marekani, kiitwacho Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipofika Mirihi kwa sababu programu ya upande mmoja ilitoa takwimu za msukumo kwa pauni, kipimo cha Kiingereza, hali upande wa pili ulizisoma kuwa ni za metriki. Waongozaji walikuwa wameshaona kwamba hesabu haziwiani, lakini wasiwasi wao haukufuatiliwa ipasavyo, na tume ya uchunguzi ikayataja mawasiliano duni baina ya timu miongoni mwa sababu.

Dhana ya pili, ambayo naiona ya hatari zaidi, ni kwamba timu isiyo na malalamiko ndiyo timu njema. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alitarajia kuona timu bora za hospitali zikiripoti makosa machache ya dawa. Utafiti wake uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba ziliripoti mengi zaidi, kwa kuwa watu wake hawakuogopa kusema.

Kwetu woga huo huvaa vazi la heshima. Katika kikao kimoja cha Jumatatu, mtaani Ntinda, kiongozi aliuliza kama nakala rudufu ya wiki, yaani nakala ya akiba ya data, iko sawa. Kijana aliyeketi karibu nami alikuwa ameandika daftarini, kwa kalamu nyekundu, kwamba ya Ijumaa haikukamilika. Akalifunga daftari, akajibu, "Ndiyo, ssebo," yaani "Ndiyo, bwana" kwa Kiganda. Jumatano diski ya sava, kompyuta inayotunza data ya wote, iliharibika, tukarudi kwenye nakala ya wiki iliyotangulia. Simlaumu, kwani hata mimi nililelewa nisimpinge mkubwa mbele za watu. Lakini kiongozi angeuliza, "Ni kipi hakijakamilika?", jibu la kweli lisingekuwa upinzani.

Wapo pia wanaodai kwamba mtu huzaliwa na stadi hizi za mawasiliano. Hapana, hujifunzwa kwa mazoezi, kwa mfano kurudia ulichosikia kabla ya kujibu, au kumwandikia mwenzako, unapokagua programu yake, "mstari huu unanitia shaka" badala ya "hujui kazi".

Wala ufasaha wa Kiingereza si mawasiliano. Nimemwona mhandisi kutoka Gulu akiukatiza mjadala mrefu wa Kiingereza kwa kuchora ubaoni, na ndipo wote wakagundua kwamba walikuwa wakizungumzia sava mbili tofauti.