Kesi ni wiki ijayo, na wakili humtaki tena

Simu hazipokelewi, karani ana jibu moja tu la "wakili yuko kortini", na tarehe ya kusikilizwa inakaribia. Wengi wanaofika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria hufika wakati huo, na swali lao ni moja: naweza kumbadilisha sasa?

Unaweza. Katika kesi ya madai hapa Kenya, kabla ya hukumu, huhitaji ruhusa ya mahakama wala ridhaa ya wakili anayeondoka. Agizo la 9 la Kanuni za Mwenendo wa Madai za mwaka 2010 linataka notisi ya kubadilisha wakili iwasilishwe kortini, na wahusika wote wapewe nakala, pamoja na wakili wa zamani. Mpaka notisi hiyo iingie kwenye jalada, yeye ndiye korti inayemtambua, na hati za upande wa pili zitazidi kupelekwa ofisini kwake hata kama mlishagombana na hamsalimiani. Kumfuta kazi kwa simu hakutoshi.

Kinachowaponza watu zaidi ni kudhani kwamba wakili mpya huja na tarehe mpya. Kuahirisha kesi ni uamuzi wa hakimu au jaji, naye atauliza kwa nini hukuchukua hatua mapema. Chukua mdai wa shamba ambaye mashahidi wa mdaiwa wametoka mbali, na kesi yenyewe imeshaahirishwa mara mbili kwa ajili yake. Akija asubuhi na wakili aliyepokea kazi jana yake, anaweza kuambiwa aanze kutoa ushahidi saa ileile. Asipofika kabisa, na mdaiwa yupo, kesi inaweza kutupiliwa mbali.

Tena wakili mpya hurithi alichokipanda mwenzake. Taarifa za mashahidi na nakala za hati huwasilishwa pamoja na madai mwanzoni kabisa. Kama yule wa kwanza alisahau jirani aliyeshuhudia mipaka ikipimwa, huyu wa pili itambidi aombe ruhusa kumwongeza, na upande wa pili hautakaa kimya.

Kwa hiyo mtafute wa pili kabla hujamwondoa wa kwanza. Mwulize kama tarehe hiyo ana nafasi, na hakikisha ana cheti cha uwakili cha mwaka huu. Kisha fuatilia faili. Hapo ndipo pagumu, kwa sababu wakili unayedaiwa naye anaweza kuzuia karatasi zako hadi umlipe. Kama hamkuandikiana makubaliano ya ada na unaona amekuzidishia, hesabu yake inaweza kupelekwa mbele ya msajili wa mahakama, akakadiria ada inayostahili. Wakati mnabishana, hati nyingi bado zimo kwenye jalada la mahakama, na wakili mpya anaweza kuzipata huko. Malalamiko ya mwenendo mbaya hupelekwa kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, ila usitarajie lalamiko hilo lisimamishe kesi yako.

Hukumu ikishatoka, mambo hubadilika. Wakili mpya anayetaka kuingia kwenye kesi hiyohiyo atahitaji amri ya mahakama: ama kwa ombi ambalo wahusika wote wamearifiwa, ama kwa maafikiano yaliyowasilishwa kati yake na yule anayeondoka. Ndiyo maana hata ukiachana na wakili wako kwa hasira, nambari yake usiifute.