Mwakilishi Wadi Akitaja Vipaumbele, Muulize Fungu Gani na Mwezi Gani

Kaunti ya Lamu ina wadi 10. Upande wa Lamu Mashariki ziko Faza, Kiunga na Basuba. Upande wa Magharibi ziko Shella, Mkomani, Hindi, Mkunumbi, Hongwe, Witu na Bahari. Vipaumbele vinavyotajwa kwenye mabaraza ya wadi hizi hufanana: zahanati, maji, chekechea, gati, basari. Ili kujua ahadi ipi ina miguu, tazama kwanza kama jambo hilo liko mikononi mwa kaunti, kisha kama limeingia kwenye waraka unaofaa kabla ya tarehe yake kupita.

Jedwali la Nne la Katiba linaikabidhi kaunti zahanati na vituo vya afya, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, maji na usafi, barabara za kaunti, masoko, kilimo na uvuvi, pamoja na vivuko na bandari. Shule za msingi na za sekondari, polisi na barabara kuu ya kwenda Garsen ni za serikali ya kitaifa, na basari ya NG-CDF, mfuko wa serikali ya kitaifa wa maendeleo ya maeneobunge, hupitia eneobunge, kwa mbunge. Tena kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamzuia mwakilishi wadi kujiingiza katika kazi za utekelezaji. Mheshimiwa anayesema "nitawajengea" anajipa kazi ya watu wengine. Yake ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuwahoji wanaoitumia, na hiyo pekee ikifanywa sawasawa inatosha kumchosha mtu.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mambo huamuliwa mapema zaidi. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, takribani miezi 10 kabla. Mradi usiokuwemo humo unaanza safari ukiwa umechelewa. Februari 28 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha mkakati wa fedha, unaoweka kikomo cha kila idara. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kufikia Aprili 30 na hupitishwa kufikia Juni 30. Wengi hujitokeza Mei, vikao vikiwa vimepamba moto, na hapo nafasi imekwisha kubana. Bunge likiongeza fedha mahali, sheria inalitaka lipunguze mahali pengine, na kanuni za 2015 haziruhusu fungu la idara kupanda wala kushuka zaidi ya asilimia 1 ya kikomo chake. Anayedai zahanati mwezi Mei bila kusema kipi kipunguzwe anawapa wajumbe kisingizio.

Zahanati ni mfano mzuri, kwa kuwa ndiyo ahadi rahisi kuzinduliwa na ngumu kuendeshwa. Jengo hulipwa kutoka fedha za maendeleo, ambazo sheria inataka zisipungue asilimia 30 ya bajeti katika kipindi cha miaka michache. Muuguzi, dawa, mlinzi na petroli ya boti ya wagonjwa hutoka kwenye fedha za matumizi ya kawaida, fungu lingine kabisa. Ndiyo maana utepe hukatwa na mlango ukabaki na kufuli. Kwa hiyo uliza: nafasi ya muuguzi imo kwenye makadirio ya mishahara ya mwaka huohuo? Boti ina nahodha wa zamu ya usiku? Matengenezo ya injini yametengewa kiasi gani? Katika Kisiwa cha Pate, uliza pia kama bei ya saruji, kokoto na nondo imehesabiwa pamoja na gharama ya kuvusha. Makadirio yaliyonakiliwa kutoka bara huishia kwenye msingi usiopandishwa ukuta, au mkandarasi anaanza kuchota mchanga wa ufuoni, na chumvi yake huozesha nondo ndani ya zege.

Maji nayo yana hesabu yake. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ya paa ni lita 1. Paa la mita mraba 100 likipata mvua ya milimita 20 hukusanya lita 2,000, na ukitoa asilimia 20 ya kupotea hubaki lita 1,600. Watu 6 wanaotumia lita 20 kila mmoja kwa siku watazimaliza kwa siku 13 hivi. Jabia la kijiji, yaani birika la kuhifadhia maji ya mvua, lipimwe kwa kiangazi. Picha ya uzinduzi haijazi ndoo.

Kwa mlipa kodi, waraka wa kutazama ni Mswada wa Fedha wa kaunti, unaopaswa kupitishwa ndani ya siku 90 baada ya bajeti kuidhinishwa. Humo ndimo zinamowekwa ada za leseni ya biashara, masoko na ushuru wa mazao. Mwenye duka Langoni na mkulima wa korosho wa Hongwe walinganishe ada mpya na za mwaka uliopita, mstari kwa mstari.

Maoni ya mdomo husahaulika. Andika ukurasa mmoja kwa karani wa bunge la kaunti: jina la waraka, ukurasa, jina la mradi, kijiji, kiasi unachopendekeza, na fungu la kupunguzwa. Weka majina, sahihi na simu, kisha ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Baada ya Juni, fuatilia bajeti ya nyongeza, maana huko miradi iliyoshangiliwa inaweza kupunguzwa kimyakimya. Ukinyimwa stakabadhi, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu, na ombi lenyewe halilipiwi isipokuwa gharama ya nakala. Wakikaa kimya, malalamiko yapelekwe kwa Tume ya Haki za Kiutawala.