Mzee bado anajiweza: msaada uanze lini, na uishie wapi?

Mama ana miaka 68 na anajifanyia kila kitu. Kuna haja ya kuanza kumsaidia sasa?

Ipo, ila si ya kumshika mkono. Uwezo wa mzee haukatiki siku moja. Mara nyingi huanza kulegea kwenye shughuli zenye hatua nyingi: kwenda sokoni na kurudi na chenji iliyotimia, kutuma pesa kwa simu, kukumbuka dawa ipi ni ya asubuhi na ipi ya jioni. Halafu hufuata kuoga, kuvaa, kwenda chooni na kunyanyuka kitandani. Kula kwa mkono wake mwenyewe kwa kawaida ndiko hubaki hadi mwisho.

Ukimuuliza atakwambia hajambo, kwa hiyo tazama kile alichobadilisha kimyakimya. Siku hizi anashinda na dera kwa sababu blauzi ya vifungo inamshinda. Anapika chakula cha sufuria moja tu. Ameacha ibada ya alfajiri akisingizia baridi. Jioni hagusi maji, maana akinywa itabidi atoke usiku kwenda chooni. Hapo ndipo msaada mdogo unapofaa, na gharama yake bado ni ya stuli na taa.

Tutapimaje bila vifaa vya hospitali?

Tumieni kiti na saa ya simu. Kiti kiwe kigumu, kisicho na mikono, na pa kukalia pawe sentimita 43 hivi kutoka sakafuni. Kiegemezeni ukutani, maana mzee akikaa kwa kishindo kiti hurudi nyuma. Akunje mikono kifuani, kisha kwa sekunde 30 asimame wima kabisa na kukaa, mara nyingi awezavyo. Mwingine akae karibu naye. Akipata kizunguzungu au maumivu ya kifua, acheni.

Mwanamke wa miaka 65 hadi 69 akishindwa kufikisha mara 11, au mwanaume wa umri huo mara 12, nguvu za miguu ziko chini ya wastani na hatari ya kuanguka imeongezeka. Kwa miaka 75 hadi 79 ni 10 kwa mwanamke na 11 kwa mwanaume. Akijisukuma kwa mikono, jibu ni sifuri, hata kama alisimama mara 20. Andikeni namba hiyo na kupima tena baada ya miezi mitatu. Ikishuka, msingoje aanguke. Mpelekeni kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi.

Bibi ameanza kushika ukuta akioga. Tumuogeshe?

Hapana. Kuoga si kazi moja. Kuna kubeba ndoo, kuvuka kizingiti, kuinama kuchota, kusimama kwa mguu mmoja huku akisugua mwingine, kuokota sabuni, kujikausha na kutoka. Simama nje ya mlango, umuulize ni wapi hasa panapomsumbua. Mara nyingi zimemshinda hatua mbili tu, na hizo ndizo za kumsaidia.

Ndoo iliyojaa ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Mbebeeni, na mtie nusu tu. Iwekeni juu ya stuli imara ili asiiname. Kopo liwe la lita moja, si kubwa kuliko hilo. Sabuni itieni ndani ya soksi nyembamba na kuifunga kamba ukutani: ajali nyingi za bafuni zinaweza kuanza na kipande cha sabuni kilichodondoka. Dodoki liwe na mpini mrefu wa kufika miguuni.

Aoge amekaa. Hapa wengi hukosea, kwani hununua kiti chepesi cha plastiki na kukiweka juu ya sakafu ya niru yenye povu. Miguu ya kiti hicho hutanuka na kuteleza, na ya nyuma ndiyo hupasuka kwanza. Tandikeni mkeka wa mpira chini yake, kagueni nyufa kila wiki, na sugueni utelezi wa sakafu kwa brashi na sabuni ya unga. Mlango nao ufungukie nje. Mzee akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mwili wake wenyewe utawazuia kuingia.

Na choo cha kuchuchumaa?

Tatizo haliko katika kushuka, liko katika kunyanyuka. Fundi anaweza kutengeneza kiti cha mbao au chuma chenye tundu, kimo cha sentimita 45 hivi, cha kuweka juu ya shimo. Pembeni pawe na bomba la kushikia lenye unene wa milimita 32 hadi 40, liwe mbali na ukuta kiasi cha vidole kupita. Kwenye ukuta wa matofali likazwe kwa bolti. Ukuta wa udongo hauwezi kubeba mtu, kwa hiyo chimbieni nguzo mbili ardhini. Chuma cha kutundikia taulo kisihesabiwe kabisa. Kitang'oka siku atakayokihitaji.

Kama choo kiko uani, usiku awekewe ndoo yenye mfuniko chumbani, pamoja na taa anayoifikia kabla hajakanyaga chini.

Babu anatumia mkongojo wa marehemu kaka yake. Kuna ubaya?

Upo kama kaka alikuwa mrefu. Babu avae viatu vyake vya kila siku, asimame wima na kuning'iniza mikono. Kichwa cha mkongojo kifike kwenye kiungo cha kifundo cha mkono. Ukiwa mrefu humpandisha bega, ukiwa mfupi humwinamisha. Mbao hukatwa kwa msumeno, lakini mpira wa chini lazima uwepo. Ukilainika kama kisigino cha kandambili kuukuu, ubadilishwe.

Aushike kwa mkono ulio upande wa pili wa mguu mbovu, mkongojo na mguu mbovu viende pamoja. Watu wengi hufanya kinyume chake. Ngazini apande kwa mguu mzima kwanza, na ashuke kwa mguu mbovu kwanza.

Mazoezi gani yanamfaa mtu wa miaka 70 na zaidi?

Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 kwa wiki za shughuli inayomharakishia pumzi, kama kutembea kwa kasi, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya mizani, yaani ya kusimama bila kuyumba, siku tatu au zaidi. Hayo ya mizani ndiyo husahaulika. Kutembea peke yake hakutoshi. Asimame mbele ya meza nzito, anyanyuke kwa vidole vya miguu mara 10, kisha asimame kwa mguu mmoja sekunde 10 kila upande. Wiki za kwanza ashike kwa mikono miwili, baadaye mmoja, baadaye kidole tu. Asizuie pumzi.

Akinyanyuka kitandani anaona giza. Ni uzee?

Usikubali jibu hilo. Alale dakika tano, mpimeni presha, asimame, kisha mpimeni tena baada ya dakika moja na baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, mwoneni daktari. Chanzo huweza kuwa maji machache mwilini, kuharisha, au dawa. Msimsimamishe dawa za presha kwa uamuzi wenu. Mpelekeeni daktari mfuko wenye dawa zote, pamoja na mitishamba, za usingizi, za maumivu na vidonge vya mafua vinavyosinziza, kwa sababu hizo za dukani ndizo huwa hazitajwi. Wakati huohuo, asubuhi akae ukingoni mwa kitanda dakika moja akichezesha miguu kabla ya kusimama.

Chakula je?

Mzee anahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani gramu 60 hadi 72 kwa mwenye kilo 60. Yai lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Chai kwa mkate asubuhi na uji mtupu usiku havimfikishi hapo. Kama hana meno, maharage yapondwe na dagaa wasagwe. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza.

Ndugu wanasema tunamtesa. Mzee angekaa tu apumzike.

Katika utafiti mmoja, wazee wenye afya njema waliolazwa kitandani siku 10 walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Mwacheni afunge vifungo vyake hata kama anachukua dakika kumi, na anzeni kujiandaa mapema badala ya kumvika kwa haraka. Achambue mchele, afagie uani kwa ufagio wa mpini mrefu.

Mabadiliko gani hayangoji mazoezi wala stuli?

Yanayotokea ghafla. Mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kutoeleweka: hicho huenda ni kiharusi, na hospitali ni sasa hivi. Kuchanganyikiwa ndani ya siku moja au mbili mara nyingi ni maambukizi, kama ya mkojo au mapafu, na kwa mzee homa inaweza isionekane kabisa. Vilevile akianguka na kugonga kichwa, hasa kama anatumia dawa za kufanya damu isigande, apelekwe hata kama anacheka na kusema hana kitu.