Kufunga kituo cha hali ya hewa Kibo: anza na kipimajoto

Watu wakisikia kituo cha hali ya hewa cha milimani, hudhani kinachosumbua ni upepo au baridi. Mimi kinachonisumbua zaidi ni kipimajoto, kwa sababu kinaweza kudanganya kila siku huku kila kitu kikionekana kizima.

Chukua Kibo, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kilimanjaro. Februari 2000 timu ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, akiwemo Douglas Hardy, ilifunga kituo juu ya Barafu ya Kaskazini, kwenye mita zipatazo 5,775. Mgandamizo wa hewa kule ni takriban hektopaskali 500, kama nusu ya ule wa Dar es Salaam. Kipimajoto hukaa ndani ya kinga ya sahani nyeupe zilizopangana, ili jua lisikiguse na hewa ipite. Lakini juu ya theluji jua linapiga mara mbili: linashuka kutoka angani, kisha theluji inalirudisha juu. Sahani zinazuia lile la juu, hili la chini linapenya. Na hewa nyepesi haina nguvu ya kubeba joto hilo na kuliondoa. Upepo ukitulia mchana, kipimajoto kinasoma nyuzi kadhaa zaidi ya joto halisi la hewa.

Dawa ni feni ya kuvuta hewa ndani ya kinga. Feni inakula umeme, kwa hiyo naipanga izunguke jua likiwa kali tu, usiku ipumzike. Betri za asidi hupoteza uwezo kwenye baridi, na ikiisha chaji asidi yake inakuwa karibu na maji, inaganda na betri inapasuka. Paneli ya sola isilazwe bapa, hata kama tuko karibu na ikweta. Iinamishe theluji iteleze.

Sasa tazama uongo mmoja unavyozaa mwingine. Kina cha theluji tunakipima kwa sauti: kifaa kinatuma mlio chini na kuhesabu muda wa mwangwi kurudi. Kwenye nyuzi 0 sauti husafiri mita 331 kwa sekunde. Kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri ni mita 322 hivi. Usiporekebisha, kifaa kilichoning'inia mita 2 juu ya theluji kitasema imeshuka zaidi ya sentimita 5, na hakuna chembe iliyoondoka. Marekebisho hayo yanategemea nini? Kipimajoto kilekile. Kikizidisha nyuzi 5 mchana, unapata kosa la sentimita 2 hivi. Kwenye mlima ambao barafu yake nyingi hupotea kwa kugeuka mvuke moja kwa moja, polepole, bila kuyeyuka, sentimita 2 si kitu cha kupuuza.

Ndiyo maana nikiwa ofisini, nikifungua data zilizoletwa na setilaiti, siangalii joto peke yake. Naliweka kando ya kasi ya upepo na mionzi ya jua. Joto likipanda ghafla saa ambayo upepo umelala na mionzi iko juu, nalitilia shaka. Likipanda na upepo unavuma vizuri, naliamini zaidi. Volti za betri nazisoma za alfajiri, kabla jua halijagusa paneli, kwa maana za mchana hupendeza hata kwenye betri iliyochoka.

Kuna jambo moja setilaiti haiwezi kukuambia. Mlingoti unaobeba vifaa umechimbiwa ndani ya barafu, barafu inapungua, mlingoti unabaki wazi zaidi na kamba zake zinalegea. Kipimajoto ulichokifunga mita 2 juu kinajikuta mita 2 na nusu, labda kimeinama kidogo. Kwa hiyo fundi anayepanda kukagua namsisitiza, hata kama wapagazi wanasubiri na mawingu yanakuja: kwanza pima urefu kwa futikamba, pima mwinamo kwa pimamaji, piga picha pande zote nne, andika kwenye daftari. Akikaza kamba kabla ya kupima, hakuna mtu atakayeweza kusahihisha data za miezi iliyopita.