Kesi ya ardhi ya mababu hujengwaje?

Waogiek, jamii ya wawindaji na warina asali, wanapodai ardhi yao katika Msitu wa Mau, swali la kwanza ninaloulizwa hapa Nairobi, na majirani na hata mawakili wenzangu, ni hili: hati miliki iko wapi? Silichukulii vibaya. Mimi ni wakili wa kesi za ardhi ya jamii, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kulijibu swali hilo.

Jibu linaanzia kwenye Katiba ya 2010. Kifungu cha 63 kinasema ardhi ya jamii ni pamoja na ardhi ya mababu na ile ambayo tangu jadi ilikaliwa na jamii za wawindaji na wakusanyaji. Hakikutaja hati. Lakini katika sura hiyohiyo, Kifungu cha 62 kinaihesabu misitu ya serikali kuwa ardhi ya umma. Basi Shirika la Huduma za Misitu linashika kifungu kimoja, jamii inashika kingine, na kila upande una Katiba mkononi. Hapo hoja za sheria peke yake hazikufikishi mbali. Jaji atataka kujua: mlikuwapo? Tangu lini? Mpaka wenu unaishia wapi?

Mzee akiketi mbele yangu siulizi habari za ardhi kwanza. Namuuliza asali. "Mzee, mizinga ya baba yako ilitundikwa wapi?" Kwa Waogiek kila ukoo ulikuwa na eneo lake la mizinga, kwa hiyo swali hilo moja linafungua ramani nzima. Anataja kijito, anapanda nacho, anataja mti, anavuka bonde, kisha anasimama: "Hapo si kwetu, wakili. Hapo ni kwa wajomba." Jibu kama hilo nalithamini kuliko hotuba yoyote. Anayebuni madai ya ardhi hutaka yote. Anayeujua mpaka hukuonyesha na pasipo pake. Baadaye vijana wa kijiji wanaipita njia hiyohiyo kwa miguu wakiwa na simu, wanarekodi kila mahali palipotajwa, na seveya, yaani mpima ardhi, anazigeuza alama zile kuwa ramani.

Kisha hati ya kiapo, yaani ushahidi wa mzee ulioandikwa na kuapiwa. Kama mzee hasomi, lazima asomewe kwa lugha anayoielewa, mkalimani aandike kwamba ameisoma na mzee ameielewa, ndipo kidole gumba kiwekwe mbele ya kamishna wa viapo. Mistari hiyo michache ya chini mawakili wengi wanaipuuza. Ikikosekana, upande wa pili utaomba hati nzima itupwe, na pamoja nayo kumbukumbu za maisha yote ya mtu.

Ushahidi mwingine uko katikati ya jiji, kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, ambako watu wengi wanapita tu wakikimbilia matatu. Nawasihi mawakili vijana waingie mle. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter kuanzia 1932 ilipendekeza Wadorobo, jina ambalo wakoloni waliwaitia Waogiek na wenzao, wamezwe ndani ya makabila jirani. Pendekezo hilo liliwaumiza sana. Lakini huwezi kupendekeza kumhamisha mtu ambaye hayupo. Karatasi iliyowanyima ardhi ndiyo leo inayothibitisha kwamba ilikuwa yao.

Si kwamba jamii hizi zimegundua mahakama juzi. Mkataba wa 1904 na Waingereza uliwaahidi Wamaasai maeneo yao kwa muda wote watakaokuwepo. Mwaka 1911 ukaandikwa mwingine wa kuwatoa Laikipia. Walikwenda kortini wakiwa na mawakili, na mwaka 1913 wakaambiwa kwamba huo ni mkataba baina ya mataifa, hivyo mahakama haina uwezo wa kuusikiliza. Ushahidi wao haukupimwa kamwe.

Ushahidi wa Waogiek ulipimwa. Oktoba 2009 walipewa siku 30 kuondoka Mau, na malalamiko yao yakapitia Tume ya Afrika, ile ya haki za binadamu, hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 walishinda. Serikali ilidai kuwa inawaondoa ili kuulinda msitu. Mahakama ikazitazama ripoti, nyingine za serikali yenyewe, ikaona kwamba msitu uliharibiwa hasa na wavamizi wengine, ugawaji wa makazi na vibali vibaya vya kukata miti. Juni 2022 ikaamuru fidia ya jumla ya shilingi 157,850,000, na ardhi ipimwe na kupewa hati.

Novemba 2023 nyumba za Waogiek zilibomolewa Sasimwani, Narok.

Naandika sentensi hiyo kwa uchungu. Waendorois nao, jamii ya wafugaji waliotolewa Ziwa Bogoria miaka ya 1970, walishinda mbele ya Tume ya Afrika, uamuzi ukaidhinishwa mwaka 2010, na bado wanadai utekelezaji. Kwa hiyo siku hizi nasukuma sana usajili kabla mgogoro haujafika. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inairuhusu jamii kuchagua kamati ya watu 7 hadi 15, kuandika kanuni zake na kupata hati kwa jina lake. Baada ya hapo kuiuza kunahitaji thuluthi mbili ya watu wazima waliosajiliwa, si sahihi ya mwenyekiti mmoja aliyealikwa hotelini.

Kama kwenu ni Kajiado, Samburu au Marsabit na usajili haujafanyika, serikali ya kaunti inaishikilia ardhi hiyo kwa niaba yenu. Hairuhusiwi kuiuza, na fidia yoyote inayolipwa lazima ikae kwenye akaunti inayozaa riba hadi msajiliwe. Ukienda nyumbani, uliza daftari la wanachama limefika wapi. Lifungue, utafute majina ya mama zako, dada zako na wake walioolewa hapo: sheria inawatambua wote kuwa wanachama, na wao ndio ninaowakuta wameachwa nje mara nyingi zaidi.